Kilichokuja na Jiwe

Jumanne walikuwa kumi na mmoja.
Leo, kabla ya kengele ya ibada ya kwanza, nimefika thelathini na wawili
halafu nikaacha: kuhesabu nako ni kuwalisha.

Bahari yangu ni lita mia mbili, iko sebuleni, Rau,
kati ya kabati la vyombo na mlango wa jikoni.
Chumvi naipima kwa kikombe cha uji,
naikoroga ndooni kwa mwiko usioruhusiwa kugusa ugali.
Mwaka wa kwanza majirani walicheka mpaka wakakaa chini:
mwanamke mzima, mstaafu wa maabara,
anayatia chumvi maji ambayo mlima umeyaleta matamu, bure.

Anemoni hawa sikuwaleta mimi.
Walikuja na jiwe,
jiwe la tumbawe alilonipa kaka yangu Aminieli akitoka Tanga,
limeviringishwa gazeti bichi ndani ya ndoo ya rangi,
siku nzima kwenye basi, abiria wakiulizana nani kabeba dagaa.
Nyuma yake, kwenye ufa, mmoja tu:
mdogo kama punje ya ulezi, rangi ya chai ya maziwa,
vidole vikipepea kama mtu anayeaga.
Nikasema, mzuri huyu. Nikamwacha.

Ukimkata, kila kipande kinaota kichwa.
Ukimkwangua kwa kisu, umempandia shamba.
Ukimgusa anazama shimoni, unabaki na kidole kinachowasha.
Na usiku anawachoma majirani.
Tumbawe langu la kijani, lililochanua miaka mitatu,
limejikunja kama mtoto mwenye homa.

Baba alipigana na kimatira hivihivi, Kibosho,
kwa spoku ya baiskeli.
Aliichomeka kwenye tundu la shina la mbuni, akazungusha, akasikiliza.
"Kimya kikibadilika," alisema, "ujue umempata."
Mibuni ile leo ni vyumba vya wapangaji,
ila mkono wangu bado unaikumbuka spoku.

Basi nimechemsha maji, nimekoroga chokaa
ikawa nzito kama mtori.
Sindano ni ile ya ng'ombe, kutoka duka la dawa za mifugo, Mbuyuni.
Nimezima pampu. Maji yamesimama.
Nasikia friji, nasikia kuku wa nje, nasikia pumzi yangu.

Elisaria amevuta kigoda.
Ni mjukuu wa Aminieli. Aliletwa likizo ya Juni na begi moja;
shule zimefunguliwa, begi bado lipo,
simu ya mama yake haipatikani.
"Gugu ni lipi, Bibi?"
"Lile ambalo sikulinunua."
Akafikiri. Ana miaka saba, hufikiri ulimi ukiwa nje.
"Hata mimi hukuninunua."

Ncha ya sindano ilikuwa imeshafika mdomoni,
mdomo wa anemoni, uliofunguka
ukidhani ni chakula.
Nina miaka sitini na nne.
Nimesoma vinyesi vya wilaya nzima kwa darubini,
nikitenganisha mnyoo na uzi wa haragwe,
na sikuwa na jibu.

Kidole gumba kikasukuma.
Wingu jeupe, dogo. Akasinyaa.
"Mmoja," akasema Elisaria, akachora mstari wa chaki sakafuni.
Wa pili alinikwepa.
Wa tatu alikuwa wawili.

Tulipofika kumi na tisa mkono ukaanza kutetemeka.
Nikawasha pampu. Nikamwambia, vua hilo shati, limelowa.
Nikamwambia kesho tunakwenda kukuombea nafasi shuleni,
kwa sauti ileile ninayotajia bei ya sabuni.
Hakusema kitu. Alilamba kiwiko chake.
"Bibi, nina chumvi."

Na nyuma ya jiwe, kule sindano isikofika,
kitu cha rangi ya chai
kilianza kufungua vidole.