Mgongoni, Mfukoni

Mabela, mwezi wa nane, saa nne za usiku.
Joto limekaa nje ya mlango kama mdai.
Kliniki ina wagonjwa wawili.

Wa kwanza kaletwa na dereva kutoka shamba la Barka:
lemuri, mkia pete nyeusi, pete nyeupe,
kalishwa tende na halwa
mpaka damu ikawa shira.

Wa pili katolewa mfukoni mwa kanzu
na mtoto aitwaye Muhannad, kamasi zikimtiririka:
kinyama kidogo kuliko ngumi yangu,
ngozi imetandazwa toka kiganja hadi kisigino,
asili yake huko kwenye kangaruu.
Chokaa imemwishia mifupani,
miguu ya nyuma haimtii.

Daktari Raiya kasema niandike tofauti zao,
tusije tukachanganya dozi.
Huyu kilo tatu, yule gramu mia na kumi.
Huyu ana kucha bapa kama zangu,
yule ana vidole viwili vilivyoshonana.
Huyu hudandia. Yule huambaa hewani bila bawa.
Macho sikuyaandika.
Yote manne yalikuwa mlangoni.

Akaingia Bibi Ghaniya na mkate wa kumimina.
"Komba huyu!"
Si komba, Bibi, ni wa Bukini.
"Bukini na kwetu si pua na mdomo?
Ila wa Wete walikuwa wembamba,
walevi wa tembo la watu."

Akainama kwa yule mdogo. "Na hawa, wana huwabebaje?"
Nikamweleza: wa lemuri hushika manyoya ya mama,
tumboni kwanza, kisha mgongoni,
na dunia yote anaiona ikipita.
Wa huyu huzaliwa hajaiva, punje ya mpunga,
akatambaa kipofu hadi mfukoni,
akamalizikia humo.

Kanyamaza kidogo, anafuta miwani kwa ncha ya leso.
"Mimi nilibebwa kama wa Bukini.
Uso nyuma. Nimeuona mji unapungua
mpaka ukawa mnazi mmoja.
Wewe umezaliwa Ruwi.
Pemba umeisikia kwa ndani, kupitia ngozi yangu."

Sikuwa na jibu. Akamega mkate, mkono ukaelekea tundu la lemuri.
Sukari, Bibi!
Akaula mwenyewe, anamtazama.

Alfajiri yule mdogo alikuwa kalala
kwenye mfuko wa koti langu la kazi,
nami nikapiga deki nusu ya chumba
kwa mkono mmoja.