Herufi E

Niliinunua Nakuru, nyuma ya stendi,
elfu sita na mia tano, risiti ya kaboni.
Muuzaji akaifunga kwa gazeti la juzi
kama anayefunga mkate.
"Usiipoteze hiyo karatasi," akasema.

Sasa niko Njoro, ofisi ya chama cha maziwa,
nimeichomeka, na kompyuta yasema haipo.
Haisemi imeharibika. Haisemi ngoja.
Haipo, basi,
na mimi nimeishika,
nzito kama kipande cha sabuni ya mche,
baridi kama sakafu hii kabla mikebe haijafika.

Ile ya zamani bado inazunguka,
tik, tik-tik,
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Ndani yake mna maziwa ya miaka tisa.
Chepng'eno wa Mauche, lita nne na robo, siku ya mvua ya mawe.
Mama Wahu, kumi na mbili, akakatwa za dawa ya kupe.
Lita za ng'ombe waliokwisha kufa,
za wazee waliokwisha kufa
na bado tunawadai mifuko ya pumba.

Nampigia Karegi, fundi.
"Zima. Chomoa ukutani, si swichi tu.
Fungua ubavu. Fuata waya wa stima mpaka mwisho."
Naufuata kwa kidole
kama babangu alivyosoma Zaburi bila miwani,
na pale nyuma, kwenye kona, umetafunwa.
Panya wa stoo. Shaba iko nje,
meno yake yamechapwa kwenye plastiki.
Namshukuru. Angalau kosa lina uso.

Nabadilisha waya. Nawasha.
Diski inatetemeka kiganjani, inavuma.
Karegi, iko hai!

Haipo, yasema kompyuta.

Anacheka, mjinga yule, nasikia chai ikimpalia.
"Ingia kwenye orodha ya diski zote, siyo ile ya kila siku.
Teremka chini kabisa."
Chini kabisa, kweli, pana mstari mweusi,
ukubwa wake kamili, jina hakuna, herufi hakuna.
Ilionekana tangu mwanzo.
Haikuwa imeitwa.

"Ifomati. Lakini Kageha, sikiliza:
ukigusa ya juu yake,
maziwa yakimwagika hayazoleki."

Mkono ukaganda.
Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, kama mapacha wa darasa moja:
mmoja mtupu,
mmoja umebeba wilaya nzima ya ng'ombe.
Nasoma ukubwa. Nasoma tena.
Nachukua biro, naandika kiganjani: YA CHINI.
Nabonyeza na macho nimeyafumba, jambo ambalo Karegi hajui.

Nikaipa E, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi.
Jina nikaandika MAZIWA 2.
Nilitaka jina zuri zaidi, ila saa moja ilikuwa imegonga.

Kunakili kumeanza.
Kompyuta yasema saa saba zimebaki,
kisha mbili,
kisha kumi na moja.
Ya zamani inagonga tik, na kila tik naishiwa na pumzi.

Mlangoni amesimama Arap Tuwei na mkebe wake,
anauliza mwezi huu anadai ngapi.
"Sijui," namwambia. "Leta tupime."
Lita saba na nusu.
Naziandika kwa mkono
nyuma ya risiti ya kaboni,
ile nisiyopaswa kuipoteza.