Madoa ya Buluu

Fuateni rangi ya buluu, alisema Fermin,
madoa ya buluu tu, hata mtoto hapotei.
Jua la Sonora lilikuwa limeshayalamba.
Doa la kwanza tuliliona kwenye jabali la kuingilia,
la pili Chabela alidai kaliona,
la tatu lilikuwa kinyesi cha ndege.

Tuliondoka Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
watu wanne, lita kumi na mbili za maji,
chapati nyembamba za mama yake Ofelia
zimekumbatia maharage na nyama kavu,
na ramani aliyoichora Fermin nyuma ya risiti ya tairi:
mstari, mstari, mshale,
kisha maneno, "hapa utajua mwenyewe."

Marundo ya mawe matatu-matatu yalituita
kushoto, tukaenda; kulia, tukaenda.
Nani kayapanga? Mtu aliyeijua njia,
au mtu aliyekaa akingoja wenzake, mikono haina kazi?
Jiwe juu ya jiwe halisemi.

Saa tatu korongo likafumba kama ngumi.
"Nilipita hapa na baba, nina miaka tisa."
"Wewe ukiwa na miaka tisa," Chabela akamjibu,
"ulipotea sokoni."
Tukacheka, lakini kila mmoja kwa siri
alitikisa chupa yake asikie kilichobaki.

Dungusi lilimrukia Ofelia.
Wanasema huruka, na sasa mimi ni shahidi.
Donge zima la miiba likaning'inia kwenye shavu la mguu.
Alitoa kitana mkobani, akakipenyeza chini yake,
akaling'oa kwa mkupuo mmoja,
akapangusa damu, kisha akachana nywele
kwa kitana kile kile.
"Mnatazama nini? Twendeni."

Kivuli hakuna ila chako mwenyewe,
nacho adhuhuri hujificha chini ya soli kama mwenye deni.
Tulipanda kwa mikono. Mwamba kikaango.
Nilihesabu visigino vya Chabela,
cha kulia kina kiraka, cha kushoto hakina,
kiraka, hakuna, kiraka,
mpaka kiraka kikasimama.

Juu.
Upepo, na nchi yote chini rangi ya mkate ulioungua.
Na ng'ambo ya bonde, kikituzidi kimo,
kilele kingine.
Kilele chenyewe,
kimetulia kama mtu aliyekuwa akitusikiliza tangu asubuhi.

Hatukusema neno. Ofelia alikalia jiwe, akafungua chapati.
Chabela ndiye aliyeliona kopo la kahawa kati ya mawe,
na ndani yake daftari la shule,
kurasa zimekauka kama maganda ya vitunguu.
"Tulidhani ni hapa," wameandika wawili wa Hermosillo.
"Na sisi pia."
"Mungu awasamehe waliopanga mawe."
"Maji yamekwisha. Mandhari nzuri."

Fermin akafunua kurasa kurudi nyuma, nyuma zaidi,
hadi kwenye wino wa zambarau,
mwandiko uliokuwa ukijaza daftari la madeni la duka lao:
"Mtoto amechoka. Tumekubaliana kuwa ni hapa."

Akasoma mara mbili.
"Hatukukubaliana," alisema.
"Alinibeba mabegani, akanigeuza uso upande wa mji,
akasema hakuna kilicho juu ya hapa ila wewe."
Kisha akacheka kile kicheko kinachotafuta leso,
na sisi tukatafuna, tukiangalia mji.

Kushuka ni magoti, sina la kuongeza.
Tulipotea mara mbili, na usiku ukiingia
tukalikuta gari upande ambao hatukuliacha.

Kwenye kituo cha mafuta, kijana wa pampu
alitazama vumbi letu, damu iliyokauka ya Ofelia,
akaelekeza kidevu kwenye weusi wa mlima.
"Mlifika?"
Tukamgeukia Fermin.
Alikuwa anakunywa maji, anakunywa, anakunywa.
Akashusha chupa.
"Tumekubaliana," alisema.