Ngeli

Nililipwa elfu themanini na chakula cha mchana
kumtafsiria mgeni, ukumbi wa hoteli, Area C.
Alitoka ng'ambo, na koti lake zito
halikujua vumbi la Septemba la Dodoma.
Mbele yake wachungaji wetu, mashehe wawili,
waheshimiwa wa kamati, beji shingoni,
na rasimu ya kurasa kumi na moja
bado ina joto la mashine.

Akatamka neno. Kwa lugha yake halina ngeli.
Mimi lazima nichague:
hawa, au hivi.
Waliozaliwa, au vilivyoota.
Maikrofoni ikanisubiri.
Hivi, nikasema. Hivi ving'olewe kabla havijatoa mbegu.
Ukumbi ukaitika amina.
Mheshimiwa mmoja akapiga mstari kwa wino mwekundu.

Chilongani, mdogo wangu,
hupogoa zabibu Hombolo, mkasi mkononi,
akihesabu macho ya tawi
asije akakata lenye uhai.
Ndiye aliyelala sakafuni siku tisa
chini ya kitanda cha mama pale Makole.
Tangu Krismasi hatukai naye meza moja.
Sababu tunaijua, hatuisemi.

Usiku akanipigia. Upepo ulikuwa unagonga mabati.
"Kaka, nimekusikia redioni.
Umetafsiri vizuri, hata hukukwama."
Akakohoa. Kisha, kama kawaida yake:
"Umekula?"

Nimekula, nikamjibu.
Noti zilikuwa bado kwenye mfuko wa shati.
Nimekula.