Namba ya Mlangoni

Nilipofika Sioux Lookout ilikuwa Januari, nyusi zimeganda.
Nikapewa funguo, leja tatu, na kiti kinacholia kila ukiegemea.
Ofisi ya Marceline Wabasse zamani ilikuwa duka la nyavu.
Mlangoni namba 47, ya shaba,
ingawa jirani wa kulia ni 12 na wa kushoto ni 16.
Sikuuliza. Mhasibu mgeni huuliza risiti tu.

Katika miaka yake ishirini na sita ya kujenga,
ishirini niliikuta imeshalala vitabuni:
pampu mbili za maji, moja imepasuliwa na barafu;
paa la ukumbi; mafuta ya gari la theluji;
unga, chumvi, samli, kila Alhamisi bila kukosa.
"Huu unga ni wa mradi gani?"
"Andika: mkutano."
Na kweli, watu hawakuja kuponywa.
Walikuja kula mkate wa kikaangoni,
na mkate ukiwa moto mtu hufumbua mdomo,
na mdomo ukishafumbuka hauchagui kinachotoka.

Usiku mmoja mzee Ezra Kanate alitaja jina la mdogo wake,
aliyevushwa ziwa kupelekwa shule ya bweni
na ziwa halikumrudisha.
Alilitaja mara moja, akanyamaza hadi chai ikapoa.
Marceline hakumpa pole. Aliongeza kuni jikoni.
Wiki iliyofuata Ezra alilitaja mara mbili.

Wizara ikaleta fomu, kurasa kumi na tisa:
Tiba ya utamaduni. Matokeo yanapimwaje?
Marceline alishika kalamu kama kisu cha kuparia samaki, akaandika:
Hesabuni watoto wanaoitwa nyumbani jioni
kwa Kiojibwe, wakaitika.
Fomu ikarudi. Haikuwa na tarakimu.
Akaweka: kumi na mmoja.
Mwaka wa pili: thelathini. Hao niliwahakiki mwenyewe,
nimesimama thelujini, daftari kwapani, nikisikiliza.

Usidhani ninakusimulia malaika.
Hasira yake ilikuwa fupi kama njiti ya kiberiti.
Alimfukuza mpwa wake kazi kwa lita sita za dizeli.
Na miaka minne ya mwanzo, aliwahi kuninong'oneza,
kila Jumapili alikunywa peke yake garini,
injini ikiunguruma, asife kwa baridi.

Siku bomba kuu lilipopasuka mara ya tatu
nilimwambia, kwetu Korogwe tunasema
maji yakimwagika hayazoleki.
Alinitazama, suruali imekakamaa hadi magotini.
"Kwenu hakuna baridi," akasema.
"Hapa yakimwagika yanaganda. Lete sepetu."
Tukayazoa.

Juni akastaafu. Meya alileta ngao, mbunge akaleta hotuba.
Yeye alikuja na bisibisi.
Aliifungua ile 47, tarakimu moja, kisha ya pili,
sisi sote tumesimama na sahani za keki.
"Shuleni mama yangu hawakumwita jina," alisema. "Walimwita hii.
Ilishonwa kwenye kola, kwenye soksi, kwenye blanketi.
Nikataka serikali iiandike kwa mkono wake
juu ya kila bahasha yenye hundi."
"Kwa hiyo deni limekwisha?" Mhasibu ni mhasibu.
"Leja unayo wewe," akasema,
akatia shaba na skrubu mfukoni, akaenda kutafuta kahawa.

Mlango umebaki na matundu manne.
Rangi ya kuyaziba ilinunuliwa, risiti ninayo;
mpaka leo hakuna aliyefungua kopo.
Upepo wa ziwani ukipenya hapo hutoa sauti ndogo,
na juzi binti wa msafishaji, akichora sakafuni,
aliinua kichwa, akaitika.