Kofia za Figo

Miaka kumi na tisa nimepokea watoto wa watu usiku,
wodi ya wazazi, Bombo. Kila aliyetoka akilia
nilimwandika saa, uzito, na jina la mama.
Yangu mimi sikuyaandika popote.

Ilianza na ufunguo. Asubuhi, Chumbageni, mlangoni kwangu,
ufunguo mkononi, nisijue unaingia wapi.
Jirani akapita na baiskeli: "Umeamkaje?"
Nikalia. Kwa salamu tu.

Daktari akapima damu, akapima sukari, akapima presha.
Vizima vyote, akasema. Pumzika.
Kama vile pumziko linauzwa kwa fungu
soko la Ngamiani, kando ya mchicha.

Basi nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili, dukani kwa Nirupama,
mjukuu wa mfanyabiashara wa kamba za mkonge
aliyerithi mizani na vitabu vya mizizi, basi.
Sikwenda kwa imani. Nilikwenda kwa miguu,
maana kitanda kilikuwa kimenikataa.

Akaweka vidole vitatu kwenye kiwiko cha mkono wangu
na hakutazama saa.
Mimi huhesabu mapigo nusu dakika, nazidisha mara mbili, naandika, napita.
Yeye alikaa. Feni ilizunguka.
Mteja wa manjano aliingia, akangoja, akaenda zake.
"Upepo," akasema. "Sisi tunauita vata. Umekujaa mpaka kwenye nywele."
Nikacheka: "Kwetu mwenye upepo hupungwa kwa ngoma."
"Ngoma umeshapigiwa za kutosha. Wewe unataka ukimya na mafuta."

Kisha, nyuma ya risiti, akachora figo mbili,
na juu ya kila figo kitezi kimekaa
kama kofia ya viua kichwani pa bwana harusi.
"Hawa walinzi. Chui akija hupiga kelele, ukakimbia.
Lakini kwako chui haondoki.
Simu chui. Kengele ya kitanda namba sita chui.
Mkopo wa saccos, chui na watoto wake.
Na walinzi hawa hakuna aliyekuja kuwapokea zamu."

Habari hiyo naijua kwa jina lake la kitabuni,
niliifanyia mtihani, nikafaulu vizuri.
Hakuna swali lililouliza
mpokeaji anapokewa na nani.

Alichonipa: unga wa mzizi unaonuka jasho la farasi
(farasi sijawahi kumnusa; nimemsadiki),
robo kijiko, maziwa ya moto, kungumanga ya kukwaruza, iliki moja.
Chakula cha mchana kiliwe mchana, tena umekaa.
Mafuta ya ufuta, vuguvugu, nyayoni, kabla ya saa nne.
"Daktari wako mwambie unachokunywa.
Na uombe kutolewa usiku, mwezi mzima.
Bila hilo unga wangu ni maji kwenye pakacha,
na pesa yako siitaki."

Barua kwa matroni niliiandika mara tatu.
Ya kwanza, nilipoisoma, ilikuwa ya kuomba radhi.
Ya pili pia.

Usiku ule nikaushika mguu wangu wa kushoto
kama ninavyoushika wa mtoto aliyetanguliza miguu:
polepole, bila kuvuta.
Kisigino kina nyufa; ufuta ukaingia, ukawasha.
Kidole gumba kina kovu. Lini? Nani alinifunga kitambaa?
Husema mwili haujengwi kwa mbao.
Wangu niliutumia kama mbao, nikashangaa
ulipoanza kulia kwenye misumari.

Sijapona. Maziwa yana ladha ya zizi,
na saa nane macho bado hufunguka yenyewe
kusikiliza kengele isiyokuwepo.
Lakini ile risiti ninayo. Chini ya figo na kofia zake
nimeandika kwa kalamu ya wodi:

Saa tatu na dakika arobaini, usiku.
Kilo hamsini na mbili.
Mama: Mwanakheri binti Shekalaghe.
Hali: amechoka. Anapumua.