Usiizime

"Usiizime," alisema kabla ya salamu,
akaituliza mezani kama atuaye bakuli
la supu iliyojaa hadi ukingoni.
Laptopu kuukuu, bawaba zimelegea.
Feni ilivuma. Nilipobonyeza,
kijitaa cha herufi kubwa kikawaka, kikazimika, kikawaka.
Kioo: giza tupu.

Kibanda changu kiko chini ya barabara, Didube,
kati ya muuza soksi na muuza betri za saa.
Nusu ya Tbilisi hunikanyaga utosini kila asubuhi,
theluji ya viatu vyao ikinidondokea ngazi kwa ngazi.
Watu huniletea vilivyokufa.
Huyu kaniletea kilicho hai, hakionekani.

Jina lake Tsiala, mweka hesabu wa tanuri la mikate,
unga bado umo kwenye kucha.
Nikamweleza utaratibu: tunazima,
tunang'oa betri, tunashikilia swichi nusu dakika
umeme uliojibanza utoke,
tunachomoa vibao vya kumbukumbu,
tunavisugua kwa kifutio cha shule, tunavirudisha.
Saba katika kumi hupona hapo.
"Ukizima," akasema, "yaliyomo yatakwenda.
Sikuhifadhi."
Alikuwa ameibeba ikiwaka tangu jana usiku,
amepanda nayo metro ndani ya koti,
ikimbabua tumbo.

Haya. Tabibu aliyekatazwa kumlaza mgonjwa
hubaki na masikio.
Nikainama: diski yazunguka, haina kigugumizi.
Nikatafuta tundu la skrini ya nje:
limezibwa na unga ulioganda, mgumu kama jino.
Nikapandisha mwanga kwa vitufe;
giza halikujali.
Basi nikazima taa ya kibanda,
nikawasha tochi, nikailaza ubavuni mwa kioo,
kama atafutaye ufa kwenye yai.

Na humo, chini ya weusi, rangi ya moshi:
mistari.

"Picha ipo," nikasema. "Iliyokufa ni taa ya nyuma.
Fyuzi tu, mama. Haifiki punje ya ufuta."

Hakucheka.
Alikuwa akimwandikia dada yake wa Kutaisi.
Miaka kumi na mmoja hawasemezani,
kisa nyumba ya marehemu mama yao,
na ndani ya kisa, kisa.
Aya ya kwanza imenyooka, kila nukta kwenye kiti chake:
*Kwa heshima, napenda kukufahamisha kwamba.*
Ndipo skrini ikazimika,
naye akaendelea kuchapa.
"Gizani? Kwa nini?"
"Vidole vilikuwa vimeshaanza."

Nikamshikia tochi. Sikukusudia kusoma,
ila mwanga wa tochi haujui adabu.
Maneno yamepandana, herufi zimevamia nyumba za jirani.
*Nimekosa* limeandikwa *nimekpsa*.
Mara tatu limetokea,
mara zote tatu limekosewa.

Tukahifadhi: mimi namulika, yeye abonyeza.
Kisha nikazima,
naye akafumba macho kama anayechomwa sindano.

Kazi yenyewe dakika arobaini:
bisibisi, darubini ya mezani, ncha ya chuma cha kulehemu,
pumzi nimeibana. Lari kumi na tano.
Skrini ikaja nyeupe, ikamjaa usoni.
Akaisoma barua tangu juu, midomo ikimcheza,
akasogeza kishale hadi neno lile,
kidole juu ya kitufe cha kufuta.
Basi zito likapita juu yetu;
bisibisi zikatetema ndani ya kopo.

Akapanda juu, akafuta aya ya kwanza,
ile iliyonyooka.
*Nimekpsa* akaliacha.

Chaja aliisahau.
Aliifuata baada ya siku tatu; hakusema neno,
nami sikuuliza.
Nikachukua sindano, nikamzibulia tundu bure.